Sauti Ndogo ya Mektrida

Kama unataka kujua Mektrida alikuwa na sauti ya namna gani, waulize wanaoishi ng'ambo ya korongo. Jumapili wakichelewa misa walijua imefika wapi kwa kumsikiliza yeye. Kwaya ya kigango chetu huku Kibosho ina watu wengi. Wengine wanaimba, wengine tunafungua midomo tu, na mimi Dominika najijua niko kundi gani. Miaka yote nilisimama kulia kwake, kwa sababu ukiwa karibu naye hata ukikosea hakuna anayejua.

Maiki tulikuwa hatuna. Siku kigango kiliponunua moja, Mektrida ndiye aliyepewa kwanza. Akaishika kwa mikono miwili kama mchi, akaisogeza mdomoni, akaipandisha ile "Aleluya" yake. Spika ikapiga mluzi, watoto wakaziba masikio, padre akafumba macho, na sidhani kama alikuwa anasali. Basili, mwenyekiti wetu wa kwaya, akaamua maiki wapewe wenye sauti za kuokoteza, Mektrida abaki na ile aliyopewa na Mungu.

Alikuwa mjane. Mume wake amelala kihambani, shamba la nyumbani, kati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka mlango wa jiko. Mtoto walipata mmoja, Amon. Amon yuko Dar es Salaam, anatunza stoo ya kampuni ya mabomba, na alikuwa hajaja nyumbani Desemba nyingi. Sasa, Mchagga asiyerudi nyumbani Desemba anajulikana: ama amefungwa, ama hajapata. Wenzake wanapanda mlima na magari, wanachinja mbuzi, wanaonyeshana nani amejenga nini. Amon aliwahi kuja na basi akiwa na begi moja, na baba yake mdogo, Mzee Filemon, akamuuliza mbele ya watu gari ameliacha wapi. Hakuja tena. Mimi sikumlaumu sana kwa mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata nilimlaumu, na bado namlaumu.

Mektrida hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa kukata majani ya ng'ombe akiimba, wa kuchuma kahawa akiimba, na ukimtania kwamba ng'ombe wake hatoi maziwa mpaka apigiwe wimbo, anacheka mpaka kitenge kinamfunguka. Lakini shingoni alikuwa na rovu. Lilianza dogo, likakua pole pole, yeye akilifunika na kanga. Lilipoanza kumbana pumzi usiku, nikamburuta hospitali mjini.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akamweleza kwamba uvimbe lazima utolewe, na kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita hapo hapo. Watajitahidi, lakini anaweza kuamka akiwa na sauti ya kukwaruza, na huenda ikabaki hivyo. Mektrida akauliza ni lini. Akaambiwa baada ya Pasaka, vipimo vikikamilika.

Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi, akaniambia, "Mama Denis, mimi kukatwa siogopi. Nataka Amon anisikie kabla."

"Si umpigie simu umwimbie?"

"Nikimpigia anasema, mama fupisha, niko kazini."

Niliumia. Mtu mwenye sauti inayovuka korongo, na mwanawe mwenyewe hana nafasi ya kuisikia. Nikakumbuka kijana mmoja wa Majengo, Ildefonce, anayetengeneza simu mchana na jioni anarekodi watu chumbani kwake. Mpwa wangu alirekodi hapo wimbo wa harusi, ukasambaa kwenye simu za watu mpaka Shirimatunda. Wiki iliyofuata tukashuka mjini.

Nilitegemea studio. Nikakuta chumba cha kupanga chenye kitanda kimesimamishwa ukutani, godoro limefunga dirisha, mablanketi yamening'inia kila upande, na jirani yake ni fundi wa mageti. Ildefonce alituamkia, "Shikamooni," akatuomba tukae chini tusubiri. Tulisubiri fundi amalize kuchomelea, kisha tukasubiri adhana ya alasiri iishe, ndipo akawasha kompyuta yake. Mbele ya maiki alikuwa ameweka waya uliokunjwa duara, na juu yake amevuta soksi ya kike. Mektrida akaniangalia. Nikamwambia tumeshafika, liwalo na liwe.

Aliimba mara ya kwanza kama anavyoimba kanisani. Ildefonce akavua vifaa vya masikioni upesi kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Mama, samahani. Hapa hakuna mtu wa kiti cha nyuma."

Akamfundisha. Asimame shubiri moja na nusu kutoka kwenye maiki. Asiielekee moja kwa moja, ageuke kidogo pembeni, ili pumzi ya "p" na "b" ipite bila kuipiga. Asiishike. Akitaka kupandisha sauti, arudi nyuma kidogo kwanza, si baada ya kupandisha. Asigeuze kichwa huku na huku, maana kanisani amezoea kuwagawia watu wa kulia na wa kushoto, na kila akigeuka sauti inapotea. Avue bangili. Avue viatu, kwa kuwa alikuwa anapiga mguu sakafuni na mguu ule ulikuwa unaingia kwenye wimbo kuliko sauti. Na kanga ile ya shingoni, mama, inachakacha.

Hapo Mektrida alisita. Hakuwa akiitoa kanga ile mbele ya watu. Kisha akaitoa, akanipa niishike, na kijana yule, Mungu ambariki, akajifanya anahangaika na nyaya.

Aliimba na kurudia. Kila mara kulikuwa na kasoro. Anakaribia mno, sauti inavuma. Anarudi mno, anasikika kama yuko kisimani. Mwisho jasho lilimtoka, akasema, "Mwanangu, mimi nimezoea kuwaimbia watu mia mbili. Nikiimba pole pole naona kama naiba."

Ildefonce akafikiri. "Usiwaimbie watu, mama. Muimbie mtu mmoja. Fanya amelala hapo hapo mbele yako, na hutaki aamke."

Mektrida akafumba macho. Wimbo wenyewe aliutunga yeye, wa kubembeleza, aliouimba Amon akiwa mgongoni na yeye anachuma kahawa: Nyamaza mwanangu, mvua itapita. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi ukipigwa kwa sauti ya kufukuza nyani. Siku ile aliuimba kwa sauti ndogo, ya karibu, mpaka unasikia ulimi unavyogusa meno. Kulikuwa na sehemu moja alipovuta pumzi kwa shida kwa sababu ya lile rovu, na Ildefonce hakumrudisha. Mimi nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nimeshika kanga yenye joto la shingo yake, machozi yananitoka kama mjinga. Nilikuwa nimesimama karibu na yule mwanamke maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kumsikia.

Ildefonce akautuma wimbo kwa Amon papo hapo. Kesho yake Amon akajibu: ameupata, atausikiliza akitulia. Mektrida akafurahi na hilo jibu. Siku zikapita. Kila nikipita kwake namuuliza, ananiambia Amon bado hajatulia, kazi za stoo nyingi.

Basili aliposikia habari za wimbo akauomba kwa ajili ya kundi la WhatsApp la kigango, ambalo limeunganisha walioko nyumbani na walioko Dar, Arusha, Mwanza, kila mahali Mchagga alikokwenda kutafuta. Mektrida akakubali. Aliniambia, "Labda Amon akiona wenzake wanausifu, naye ataufungua." Akaenda mjini kwa vipimo peke yake, maana mimi nilikuwa nakata ndizi za soko. Huko wakamkuta presha imepanda, wakamlaza. Simu yake ndogo ikazimika, na chaja iko nyumbani.

Jioni hiyo hiyo Basili akauweka wimbo kwenye kundi. Lakini Basili ni mtu wa mapambo. Aliona wimbo mtupu hauna heshima, akatafuta picha ya Mektrida peke yake, amevaa joho jeupe la kwaya, akaiweka juu, wimbo chini yake, na maneno: "Mama yetu Mektrida. Sauti yako haitasahaulika." Akaongeza mikono inayosali. Kisha akalala, maana Basili hulala na kuku, na alfajiri akaenda kwenye zamu ya kusafisha mfereji huko juu karibu na msitu, simu kaiacha kwenye chaji.

Nisikilize vizuri. Huku kwetu hatuweki picha ya mtu mmoja kwenye kundi, jioni, na wimbo chini yake, kama mtu huyo bado anakula. Picha na wimbo ni tanzia. Mtoto wa darasa la tatu anajua hilo. Aliyeona kwanza aliandika apumzike kwa amani, wa pili naye, na baada ya hapo nani angebisha? Walipompigia Mektrida, simu haipatikani. Walipowauliza majirani, wakaambiwa kaenda hospitali na hakurudi. Na walipousikiliza ule wimbo, wakasikia sauti ndogo, inayovuta pumzi kwa shida. Wote walikuwa wanamjua yule wa kutikisa mabati. Wakasema, masikini, walimrekodi kitandani.

Mimi nilisikia asubuhi nikiwa soko la Bomang'ombe. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anausikiliza huku anafuta macho. Nilikuwepo wimbo ule ukirekodiwa. Najua alivuta pumzi wapi na kwa nini. Lakini nilipoiona ile picha, nikakumbuka ameenda hospitali jana, nikaamini. Nikaacha ndizi zangu hapo chini nikaondoka nalia.

Nilipofika kwa Mektrida, wanawake walikuwa tayari wanamenya ndizi, sufuria kubwa za kigango zimeshaletwa, na kihambani wanaume wanachimba. Nilimuuliza Mzee Filemon mwili uko wapi. Akasema ametuma kijana hospitali kufuatilia, bado hajarudi, lakini Amon amepiga simu akiwa kwenye basi.

"Amesema tuanze. Ana ruhusa fupi. Na unajua ardhi hii ilivyo na mawe."

Ndivyo kaburi lilivyochimbwa kabla ya kuonekana maiti, kwa sababu ya ruhusa fupi. Amon aliingia alasiri, koti jeusi, amenenepa kidogo, macho yamevimba. Alipita watu wote akaja kuniangukia mimi.

"Mama Denis, nilikuwa nao kwenye simu muda wote huu. Sikuufungua. Nimeusikiliza njia nzima."

Nilimshika kichwa. Hasira niliyomwekea ilikuwa imekwisha, na nilimlilia yeye pia. Ndipo tuliposikia mtu mwingine analia huko barabarani, anakuja analia, na sauti ile ikatutia baridi.

Alikuwa Mektrida. Wamemruhusu, bodaboda imemshusha njia panda, ameona watu wengi nyumbani kwake na moshi wa sufuria, akajua kuna msiba. Akaanza kulia kama inavyotakiwa, mkoba wa dawa mkononi, anauliza, "Ni nani? Filemon, ni nani ametutoka?"

Mama mmoja alikimbia na kisu chake cha kumenyea mpaka leo hatujui alipita wapi. Mektrida akatazama kushoto na kulia, akamwona Amon.

"Amon! Baba, umekuja!"

Na hakuuliza tena nani amekufa. Alidondosha mkoba, akamkumbatia, akamshika masikio kama mtoto, akamnusa. Amon alilia, akacheka, akalia. Sisi wengine tulikuwa tunacheka na kumtukuza Mungu, na Basili alipotokea na matope ya mfereji mpaka magotini, kilichomwokoa na jembe la Filemon ni umri wake tu. "Nilitaka kumsifu," alikuwa anasema. "Jamani, nilitaka kumsifu."

Laiti siku ile ingeishia hapo. Watu walipotulia, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, Amon akakaa kwenye kigoda karibu na mama yake, na nikaona uso wake unabadilika. Alianza kufikiri.

"Mama," akasema, "kazini nimewaambia umefariki."

"Waambie sijafa. Si watafurahi?"

"Habari ilinikuta jana jioni bado niko ofisini, wakanichangia. Bosi mwenyewe amenipeleka stendi na gari lake. Waliomba sala ofisini." Akafuta uso. "Sasa nitarudi niseme nini? Wataniona tapeli."

Mektrida akamwambia, "Wewe sema ukweli, baba. Ni simu zilizokosea."

Amon alikuwa anaangalia viatu vyake vyeusi, vipya, alivyovinunua kuja kuzika.

Likabaki suala la shimo. Wazee walikaa pembeni, na Mzee Filemon akaleta neno: kaburi lililofunguliwa kihambani kwa jina la mtu haliachwi wazi wala halifukiwi tupu. Ardhi imeahidiwa, lazima ipewe kitu, la sivyo itadai. Wakakata mgomba, wakauviringisha kwenye shuka kuukuu la Mektrida, wakaushusha pembeni ya mume wake. Na kwa kuwa Amon ndiye mtoto, yeye ndiye wa kutupa udongo wa kwanza.

Nilidhani atafanya haraka, amalize. Akachukua udongo mkononi, akasimama pale, na kilio kilichomtoka sijawahi kukisikia kwa mwanaume. Alipiga magoti. Alimwita mama yake. Alimwomba msamaha kwa Desemba zote, akizitaja kwa miaka yake, kwa simu alizokata, kwa wimbo ambao hakuufungua. Yote hayo aliyaambia mgomba. Mektrida alikuwa amesimama nyuma yake kwenye mbuni, mzima, anasikia kila neno, ameziba mdomo kwa kanga. Nilimsukuma nikamwambia, nenda, yuko hapo, nenda umjibu. Akatikisa kichwa.

"Muache," akasema. "Akigeuka akaniona hatamaliza."

Shimo likafukiwa. Amon alipogeuka alikuwa ameshajifuta, na alimuuliza mama yake mambo ya kawaida tu: kama amekula, kama dawa amemeza. Kesho yake asubuhi akaondoka. Tulimsindikiza mpaka njia panda, Mektrida amembebea mkungu wa ndizi.

Baada ya Pasaka walimkata. Rovu lilitoka salama, pumzi ikafunguka, na sauti ikaenda. Iliyobaki ni ya kukwaruza, inayokatika katikati ya neno, na ukiwa hatua tano huisikii. Hospitali walisema asubiri, huenda itarudi. Imepita miezi na haijarudi. Jumapili anavaa joho na kusimama mahali pake, anafungua mdomo tu, kama mimi. Sasa nikikosea watu wote wanajua.

Desemba ilipokaribia, magari yakaanza kupanda mlima, nikaenda kumsaidia kupaka udongo ukuta wa jiko. Nikamuuliza Amon anakuja lini. Nilikuwa na uhakika safari hii atakuja. Mtu aliyelia vile, atakosaje?

Mektrida aliendelea kupaka. Ilibidi nisogee karibu nimsikie. Akasema Amon alipiga, ni mzima, na amemwomba asimpigie simu saa za kazi, maana simu huwa iko mezani na wenzake wanaona jina la anayepiga.

"Kwani wakiona kuna nini?"

"Aliporudi aliwaambia amezika vizuri. Wakampa pole, yakaisha."

Nilisimama na udongo mikononi. Nilitaka kumtukana Amon. Nikauliza tena, kwa sauti ya kijinga, kwamba hata hivyo Krismasi si anaweza kuomba likizo japo kidogo.

Mektrida akaloweka mkono kwenye ndoo, akasawazisha ufa uliobaki.

"Aombe likizo aje kumwona nani, Mama Denis?"